Marinda ya kilti yashonwe hadi wapi?

SWALI: Mama Fundi, hujambo? Nilinunua sokoni Gikomba kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa Uskoti, ya kitambaa cha drili nyeusi, kwa shilingi 900. Si ile ya sufu ya mistari, ni ya kuvaa siku za kawaida. Nyuma ina marinda 20, lakini yameshikwa na ukanda wa kiunoni peke yake. Chini ya hapo yako huru. Nikitembea yanafunguka kama mwavuli, na nikishuka matatu nakuta mengine yamelala upande usio wake. Fundi mmoja wa mtaani ameniambia nimwachie ayapige cherehani kutoka juu mpaka chini ili yatulie. Nyumbani tuna cherehani ya mkono aliyotuachia marehemu nyanya. Je, naweza kuyashona mwenyewe?
Msomaji, Umoja

JIBU: Unaweza, mwanangu, tena naomba usimwachie mtu akushonee mpaka chini. Rinda lipo ili lifunguke unapopiga hatua na lijirudi unaposimama. Likishonwa lote, hatua yako inabaki kifungoni.

Nayasema haya kwa uchungu. Mwaka wangu wa pili kwenye kazi hii nilimshonea msichana wa sekondari sketi ya marinda. Nilitaka inyooke mbele ya kioo, nikashusha mshono sentimita 4 kupita mahali pake. Siku ya kwanza kuivaa, alipokuwa anapanda matatu, mshono ulikatika na kitambaa kikachanika nao. Alishinda na sweta kiunoni mchana kutwa. Mama yake nilimrudishia pesa zote, na tangu siku hiyo sishoni rinda kabla ya kupima makalio.

Basi anzia hapo. Vaa kilti mahali unapoivalia kila siku, simama ubavu kwenye kioo, uangalie makalio yanapochomoza zaidi. Hapo ndipo mshono unapoishia, usishuke hata kidole. Kwa kilti inayokaa kwenye nyonga, mara nyingi ni sentimita 10 hadi 13 chini ya ukanda. Waskoti wenyewe zamani walijifunga shuka refu la sufu, wakalikunja marinda kwa mkono na kulikaza kwa mshipi. Kushona marinda yabaki mahali pake kulikuja kuelekea mwisho wa karne ya 18. Na hadi leo kilti kamili ya sufu, inayokula takriban yadi 8 za kitambaa, hushonwa sehemu ya juu tu. Chini huachwa.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Pima sehemu ya nyuma yenye marinda peke yake, bila zile sehemu mbili bapa za mbele zisizo na marinda. Tuseme kwenye ukanda ni sentimita 40 na kwenye makalio unahitaji 50. Gawanya kwa marinda 20: kila rinda litaonyesha sentimita 2 juu na 2.5 chini. Ile nusu sentimita inajificha juu, chini ya mkunjo wa jirani, na marinda yote yaibebe sawasawa. Ukiibana kwenye marinda machache ya pembeni, kilti itavuta upande na ukanda utapinda.

Kata kipande cha boksi la majani ya chai: urefu sentimita 12, au kadiri ulivyopima, upana 2 upande mmoja na 2.5 upande wa pili. Kiweke juu ya kila rinda, uchore kwa kipande chembamba cha sabuni nyeupe. Kwenye drili nyeusi sabuni inaonekana vizuri, na ukifua inaondoka. Panga marinda kwenye alama, kisha piga bandi (mishono mirefu ya muda) kwa uzi mweupe mistari mitatu: karibu na pindo, kwenye makalio, na katikati ya hapo na ukanda. Bandi ipite tabaka zote. Weka kitambaa cha pamba chenye unyevu juu yake ukandamize pasi; usiiburute, maana ukiburuta marinda yanahama.

Mshono wenyewe ningekushauri uufanye kwa mkono. Tumia uzi mweusi wa poliesta, uupitishe kwenye nta ya nyuki usije ukajisokota. Sindano ichukue ukingo wa mkunjo na uso wa rinda la chini yake, basi. Isizame kwenye tabaka zilizokunjwa ndani, kwa sababu ukizishika hizo, marinda yatafungana na kilti itakuwa nzito kama godoro. Mishono 3 kwa kila sentimita inatosha. Ukifika chini, pale penye mvuto, rudia mshono mara 3 mahali pamoja kabla ya kukata uzi. Rinda moja litakuchukua kama robo saa, kwa hiyo tenga jioni mbili na uwashe taa ya kutosha. Weusi juu ya weusi unachosha macho.

Cherehani ya nyanya ina kazi yake, na ninafurahi mmeitunza. Ukimaliza kushona kwa mkono, fumua bandi, ufungue rinda moja moja, upige mshono milimita 2 kutoka ukingo wa mkunjo, kuanzia pale ulipoishia hadi kwenye pindo. Hapo unashona tabaka mbili tu za rinda lenyewe, hulishikizi kwa jirani yake, kwa hiyo bado linafunguka. Huo ndio mshono utakaofanya mkunjo usipotee kila ukifua. Weka sindano nambari 16. Ukifika kwenye pindo, kitambaa kinakuwa kinene. Zungusha mkono polepole, usilazimishe.

Kabla ya kutoka nayo, kaa kwenye kigoda kifupi, uchuchumae, upande ngazi. Ukisikia inakubana mapajani, fumua mishono ya mwisho sentimita 1, ujaribu tena.

SWALI: Sketi ya shule ya binti yangu ni ya poliesta. Kila Jumapili natumia saa nzima kurudisha marinda kwa pasi. Nifanyeje?
Mama wa watatu, Kayole

JIBU: Dada, piga bandi kabla ya kufua, mistari miwili: mmoja katikati, mmoja karibu na pindo. Ifue kwa mkono, usiikamue kwa kuisokota, uianike kwa ukanda ikiwa bado inatiririka maji, ili uzito wa maji uyanyooshe marinda. Ikikauka, pasi ya moto wa wastani juu ya kitambaa chenye unyevu, uiache ipoe palepale mezani, ndipo ufumue bandi. Ukiinyanyua ingali moto, marinda yanalegea tena, na hapo ndipo nadhani saa yako inapotelea.