Godoro limebonyea katikati: dawa yake iko chini, si juu

SWALI: Fundi, tuna godoro la sponji lenye upana wa mita 1.5, urefu mita 1.8 na unene sentimita 20. Limefanya shimo katikati. Mimi na mume wangu tukilala tunateremkia humo sote wawili, na asubuhi tunaamka na maumivu ya kiuno. Nimeligeuza chini juu, nimenunua kigodoro chembamba cha kutandika juu yake, na tumelaza plaiwudi kwenye chaga. Kila mara ahueni huwa ya muda mfupi tu. Je, linatengenezeka, au nilitupe?

JIBU: Huenda likatengenezeka, lakini kwanza tujue kilichozama ni godoro au kitanda. Plaiwudi nyembamba haimalizi ubishi huo, maana hupinda kufuata chaga zilizolegea chini yake. Litoe godoro, lilaze kwenye sakafu iliyo sawa, uvute uzi kutoka ukingo hadi ukingo kupita juu ya shimo, kisha upime kina kwa rula. Ukiona shimo limetoweka, huenda godoro halina kosa. Kagua kitanda: nafasi kati ya chaga na chaga isizidi kama sentimita 7, na kwa upana huo wa mita 1.5 lazima pawe na mbao ya katikati yenye mguu unaogusa sakafu sawasawa. Huo mguu ndio ninaoukuta na kasoro mara nyingi kuliko kitu kingine chochote. Ukipungua hata kidogo, chaga hubebwa kwenye ncha tu na katikati hulegea.

Uzi nao una udanganyifu wake, kwa sababu unapima godoro likiwa tupu. Sponji inaweza kuonekana imenyooka lakini imekwisha nguvu ndani. Kwa hiyo piga goti katikati, kisha upande wa miguuni, ulinganishe. Goti likizama haraka katikati na kukaribia kugusa sakafu, sponji ya hapo imechoka: kuta za vijumba vyake vya hewa zimevunjika kwa uzito, joto na jasho. Hazirudi kwa kuanikwa juani, wala kwa kupigwa fimbo. Jua kali likipiga sponji tupu huifanya iwe ya njano na kuanza kumomonyoka.

Sasa lipime godoro kwenye mizani. Ujazo wa godoro lako ni 1.5 × 1.8 × 0.2, yaani mita za ujazo 0.54. Gawanya kilo kwa namba hiyo. Likiwa na kilo 10 unapata takriban 18.5 kwa mita ya ujazo, na hiyo ni sponji nyepesi ambayo chini ya watu wazima wawili huchoka upesi. Likiwa na kilo 15 unapata karibu 28, sponji inayostahili jasho la fundi. Mafundi huiita hesabu hii densiti, na haina uhusiano wa moja kwa moja na ugumu. Sponji nyepesi inaweza kutengenezwa ikawa ngumu, ndiyo maana kubonyeza kwa kidole dukani huwapotosha wengi.

Kigodoro chako cha juu kimeshindwa kwa sababu kitu laini kikitandikwa juu ya shimo hulifuata shimo. Cha kujazia shimo kinatakiwa kiwekwe chini ya sponji. Kama kina hakizidi sentimita 3 hivi, fungua zipu ya kava na uweke blanketi la zamani lililokunjwa kati ya sponji na kava, upande wa chini, usawa wa nyonga. Tabaka la kwanza liwe pana, la pili jembamba zaidi, na kuendelea hivyo, ili kingo zishuke polepole zisije zikakuchoma mbavu. Lala usiku mmoja, upunguze au uongeze. Ukiweka nje ya kava litateleza.

Shimo likizidi hapo, na mizani imekupa jibu zuri, kuna upasuaji. Vua kava, gawa sponji kwa mistari mitatu yenye pembe mraba ili upate vipande vya kichwani, nyonga, mapajani na miguuni. Cha nyonga na cha miguuni viwe na urefu ule ule, kwa sababu vinabadilishana nafasi. Miguu ni myepesi, haitahisi uchovu wa kipande kile, nawe utapata chini ya nyonga sponji ambayo haijafanya kazi. Tumia kisu kirefu chenye meno, kile cha kukatia mkate, ukivuta bila kukandamiza. Sponji ikibanwa wakati wa kukata, mkato hutoka umepinda.

Paka gundi ya sponji safu nyembamba pande zote mbili, ngoja hadi ishike kidole bila kulowesha, ndipo uunganishe. Acha sentimita 2 za juu bila gundi. Gundi ikikauka huwa ngumu, na ikifika juu utaihisi kama kamba mgongoni.

Kama ukifinya sponji inatoka unga, au hesabu ya densiti imekupa chini ya kilo 20 kwa mita ya ujazo, usihangaike na kisu. Weka blanketi kama nilivyoeleza, likusogeze mbele huku ukitafuta jingine.

Wenye godoro la springi, msilipasue. Waya wa springi ukishapinda hauwezi kurudishwa kwa koleo ukakaa, na ncha zake hukata. Lizungusheni kichwa kiende miguuni, na mligeuze chini juu pale tu ambapo pande zote mbili zimetengenezwa kwa kulaliwa.

Kuhusu plaiwudi yenu, itoboeni matundu ya sentimita 2 au 3 sehemu nyingi. Bila hivyo jasho hukwama chini na godoro huota ukungu. Kazi ya gundi ifanyieni nje au penye hewa ya kutosha, mbali na jiko, mshumaa na sigara. Mvuke wa gundi hizi hushika moto kwa urahisi, na sponji yenyewe ikiwaka huungua kwa kasi na kutoa moshi wa sumu. Msivishe kava mpaka harufu iishe kabisa.