Lamu mpaka London ni masaa mangapi

Dada umeuliza mamako akitoka Lamu kwenda London atakaa angani masaa mangapi, basi hesabu hivi, Manda, kisiwa penye uwanja wa ndege wa Lamu, mpaka Nairobi ni kama kilomita 450, lisaa limoja na kitu hivi, halafu Nairobi mpaka Heathrow, uwanja wa London, ni karibu kilomita 6,840, hiyo ni masaa nane na nusu mpaka tisa bila kushuka popote.

Lakini kinachochosha si angani wallahi, ni katikati. Ndege nyingi za Lamu zatua uwanja wa Wilson na ya London yaondokea JKIA, uwanja mwingine wa Nairobi, kwa hivyo lazima achukue teksi na mizigo yake yote, na jamu ya Nairobi waijua. Mwachie masaa matano hapo, sita afadhali. Tena hizo ndege ndogo mara nyingi wapewa kilo 15 tu, mfungie vitu kwa begi laini, achari zibane vizuri na nailoni mbili. Na asubuhi boti ya kuvukia Manda muiwekee mapema, maji yakitoka mama mtu mzima hutaabika kushuka ngazi za gati zile zenye utelezi.