Testi zimekufa au hazijaamka?

Juzi kijana mmoja ninayemwelekeza kazi ya kuandika programu alinipigia simu saa nne usiku.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu. Kuna nini?"

"Testi zangu zote zimekufa."

"Zimekufa au hazijaamka?"

Akacheka, akadhani namtania. Lakini ndilo swali la kwanza ninalomuuliza kila mtu, na mimi lilinigharimu usiku mzima kulijua. Testi ni kipande cha msimbo kinachopima kama programu yako inafanya unachotarajia. Iliyoendeshwa ikatoa rangi nyekundu imekuletea habari za programu yako. Testi ambayo haikuendeshwa kabisa haina habari zozote za programu yako. Tatizo liko kwingine: kwenye Python inayotumika, kwenye folda uliyofungua, au kwenye jina la faili. Ukianza kubadilisha msimbo wakati testi hazijaamka, unamtibu asiyeumwa.

Mimi natumia lugha ya Python, pytest (chombo kinachotafuta na kuendesha testi) na kihariri cha VS Code, kwa hiyo nitasema ninayoyajua humo.

Usiku wangu ulikuwa hivi. Nilikuwa nimeandika programu ndogo ya kukokotoa hisa na faini za kikoba cha mama yangu. Anayechelewa kuleta hisa anatozwa shilingi 2,000 kwa kila wiki. Nikaona nifanye mambo kistaarabu, niandike testi. Na kwa kuwa programu nzima niliiandika kwa majina ya Kiswahili, faili la testi nikaliita majaribio_faini.py, na ndani yake:

    def jaribu_faini_ya_wiki_mbili():
        assert faini(wiki=2) == 4000

Nikabonyeza alama ya chupa ya maabara pembeni mwa kihariri. Kimya. Hakuna kosa wala rangi, orodha tupu. Nikazima kihariri nikakiwasha. Nikakifuta, nikakipakua upya kwa bando langu mwenyewe. Kimya vilevile. Nikakilaani sana, nacho hakikuwa na kosa. Wahenga walishasema mjumbe hauawi: kihariri kinaiuliza pytest "una testi gani?" kisha kinakuletea jibu kama kilivyopewa.

Ilipofika saa saba za usiku ndipo nikafungua teminali, lile dirisha la kuandikia amri, nikaandika:

    python -m pytest

Ikajibu kwamba imekusanya vitu 0 na hakuna testi iliyoendeshwa. Hapo nikasoma maelezo ya pytest yenyewe, jambo ambalo ningelifanya saa mbili. Kwa kawaida pytest inafungua mafaili yenye jina linaloanza na test_ au linaloishia na _test.py. Nikabadilisha jina la faili kuwa test_faini.py. Bado 0! Kumbe hata fankisheni zenyewe (zile zinazotangulizwa na def) lazima majina yake yaanze na test, na madarasa (class) yaanze na Test na yasiwe na __init__. Neno "jaribu" kwake ni kelele tu.

Sisi tunaoandika msimbo kwa majina ya Kiswahili tunanaswa na mtego huu kuliko wengine. Unaweza kuifundisha pytest Kiswahili, kwa kuweka faili la pytest.ini lenye mistari hii:

    [pytest]
    python_files = majaribio_*.py
    python_functions = jaribu_*

Inakubali, nimeifanya. Lakini sikushauri. Siku atakapokuja mtu mwingine kwenye mradi ataandika test_ kama alivyozoea, na testi zake hazitaonekana, na usiku wake utakuwa kama wangu. Siku hizi naacha test_ mbele, kinachofuata ndicho nakiandika kwa Kiswahili: test_faini_ya_wiki_mbili. Na ukitengeneza pytest.ini, usisahau kwamba hilo linasikilizwa kabla ya pyproject.toml, faili la mipangilio ya mradi wa Python. Hata likiwa tupu, mipangilio ya pytest uliyoiweka ndani ya pyproject.toml haitasomwa.

Kwa hiyo teminali kwanza, kihariri baadaye. Ukitaka kuona zinazoonekana tu bila kuziendesha, andika python -m pytest --collect-only. Kisha angalia namba ya kutokea (exit code), ile ambayo amri inaiacha ikimaliza, kwa echo $? kwenye Linux na Mac, au $LASTEXITCODE kwenye PowerShell, teminali ya Windows. 0 ni salama. 1 maana yake testi ziliendeshwa na kuna zilizoshindwa, yaani zimeamka. 2 mara nyingi ni kosa lililotokea wakati wa kuzikusanya. 4 umekosea namna ya kuandika amri. 5 hakuna testi hata moja iliyopatikana. Hiyo 5 ndiyo iliyonilaza macho.

Turudi kwa yule kijana. Kwake teminali ilikuwa inaziendesha testi vizuri, kihariri ndicho kilichogoma.

"Kwenye teminali andika which python. Inasemaje?"

"Inaonyesha ile ya ndani ya .venv." Yaani folda ya mradi yenye Python na maktaba zake peke yake.

"Sasa tazama chini kulia kwenye kihariri, ukiwa umefungua faili la Python. Kuna namba ya toleo. Ukiigusa inakuonyesha Python ipi?"

Kimya kirefu. "Ile ya kompyuta nzima, dada."

Huo ndio ugonjwa ninaoukuta mara nyingi kuliko yote. Laptopu moja inaweza kuwa na Python tatu au nne: iliyokuja na mfumo, uliyoipakua mwenyewe, ya Anaconda uliyoiweka siku moja kwa ajili ya somo fulani ukaisahau, na hiyo iliyomo ndani ya .venv ya mradi. Pytest uliiweka kwenye moja tu. Teminali uliyoiwasha .venv inatumia hiyo, kihariri kimechagua nyingine, halafu unaletewa ModuleNotFoundError: No module named 'pytest' na unaapa kwamba pytest unayo. Ni kweli unayo, ila kwenye chumba kingine.

Bonyeza Ctrl+Shift+P, andika "Python: Select Interpreter", uchague iliyo ndani ya .venv ya mradi wako. Ukiwa na shaka, usikisie. Ndani ya faili lolote la Python weka import sys na print(sys.executable), liendeshe kwa kitufe cha kihariri, kisha liendeshe kwa teminali. Njia mbili zikitofautiana, umempata mwizi. Na wakati wa kuweka maktaba usiandike pip install peke yake, andika python -m pip install pytest, ili uwe na hakika ni Python ipi inayopokea mzigo.

Wenye Windows wana kikwazo kimoja cha ziada. PowerShell inaweza kukataa kabisa kuwasha .venv ikisema kuendesha skripti kumezuiwa. Hiyo ni sera ya usalama ya Windows, .venv yako haijaharibika. Ama unabadilisha sera hiyo kwa akaunti yako, ama unatumia Command Prompt ya kawaida.

Python ikishakuwa sahihi, tazama folda. Nina folda moja inaitwa miradi, ndani yake imo kikoba, ndani ya kikoba limo faini.py na folda ya tests. Ukifungua miradi yote kwenye kihariri badala ya kikoba, ndipo unaposikia No module named 'faini' wakati faili unaliona kwa macho yako. Fungua folda ya mradi wenyewe, habari nyingi zinaishia hapo. Kama kazi yako inalazimisha folda kubwa ifunguliwe, kwenye mipangilio kuna python.testing.cwd, ielekeze kwenye folda ndogo.

Kuna jambo hapa linawachanganya hata wakongwe. Amri ya pytest na amri ya python -m pytest si kitu kimoja. Ya pili inaiongeza folda uliyosimama kwenye orodha ya mahali ambapo Python inatafuta moduli, ya kwanza haiongezi. Ndiyo maana wawili wanaweza kubishana mchana kutwa, kwangu zinapita, kwangu hazipiti, na wote wanasema kweli. Tangu toleo la 7 la pytest, la mwaka 2022, ugomvi huo unamalizwa na mstari mmoja chini ya [pytest] ndani ya pytest.ini:

    pythonpath = .

Mengine nayapitia haraka. Ndani ya .vscode/settings.json angalia kama umewasha unittest (chombo cha testi kinachokuja na Python yenyewe) au pytest. Pytest inazisoma hata testi zilizoandikwa kwa mtindo wa unittest, lakini unittest haizitambui fankisheni tupu zenye assert, inataka darasa linalorithi TestCase. Ukiwasha zote mbili, kihariri kinatumia pytest peke yake. Faili lako usiliite random.py wala email.py, maana utaiziba moduli ya Python yenye jina hilo na makosa utakayoletewa hayataeleweka. Ukiona maneno "import file mismatch", una mafaili mawili ya testi yenye jina moja kwenye folda tofauti. Badilisha jina la moja, au weka __init__.py tupu katika kila folda, kisha futa __pycache__.

Kuna mradi niliwahi kuukuta, testi zinaonekana asubuhi na kupotea jioni. Juu kabisa ya faili mojawapo, nje ya fankisheni yoyote, kulikuwa na mstari unaounganisha hifadhidata. Ili pytest ijue faili lina testi gani, ni lazima ilifungue na kulisoma, na mistari ya nje inatekelezwa hapohapo. Hifadhidata ikiwa imezimwa, ukusanyaji wote unakwama. Ule muunganisho tuliuingiza ndani ya fankisheni, kwisha habari.

Tofauti nyingine ya teminali na kihariri ni vigezo vya mazingira (environment variables), kama nywila ambazo programu inazisoma kutoka nje ya msimbo. Ulivyoviandika kwa export kwenye teminali havimfikii kihariri aliyefunguliwa kwa kubofya ikoni. Funga madirisha yake yote, kisha kiite kutoka teminali hiyohiyo kwa code . (nukta ni sehemu ya amri), au uviandike kwenye faili la .env ndani ya mradi. Faili hilo lisiende Git, unakohifadhi na kushirikisha msimbo, tafadhali, nimeshaona nywila za watu za kutosha.

Na kama testi zinaendeshwa ila programu haisimami pale ulipoweka kitone chekundu (breakpoint), angalia kama unatumia pytest-cov, kinachopima testi zimefikia mistari ipi ya msimbo. Hicho na kitafuta hitilafu (debugger) cha kihariri vinagombania mlango mmoja. Ongeza --no-cov wakati unatafuta hitilafu.

Yule kijana alilala saa tano. Mimi, usiku ule wa kikoba, nilipomaliza kubadilisha jaribu_ kuwa test_ ilikuwa inakaribia saa tisa. Nikabonyeza tena ile chupa. Testi ikatokea, ikaendeshwa, ikawa nyekundu: assert 6000 == 4000. Nilikuwa nimeandika range(wiki + 1), kila mchelewaji anaongezewa wiki moja ya bure. Na programu ilishatumika mwezi mzima. Kulipokucha nikampigia mama simu, nikamwomba afungue daftari arudishe elfu mbili mbili za watu.