Una siku moja Salvador? Usiishie Pelourinho

Mkuu, umeuliza kama Salvador, kule Brazil, kuna mtaa wa kale ambao watu bado wanaishi maisha yao ya kawaida. Upo, unaitwa Santo Antônio Além do Carmo, na mimi nilipofikia nilipanga chumba huko huko.

Wageni wengi huishia Pelourinho, kitovu cha mji wa kale. Wewe anzia pale pale, ila kwanza ingia Rosário dos Pretos, kanisa la buluu lililojengwa karne ya 18 na Waafrika na uzao wao, watumwa kwa walioachwa huru. Kaa kidogo. Mimi lilinigusa kuliko makanisa yote ya dhahabu ya mji ule. Kisha panda Ladeira do Carmo. Ni mlima wa mawe, vaa raba.

Ukishapita kanisa la Carmo kelele zinakatika. Nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta, njano, waridi, kijani, na katikati ya njia kuna Cruz do Pascoal, kijimnara cha sala cha mwaka 1743 kilichovikwa vigae. Jioni watu wanatoa viti mlangoni. Bibi mmoja aliyekuwa dirishani aliitikia salamu yangu, akaniuliza kwetu wapi, akamwita jirani yake wa ng'ambo aje anione. Kireno changu ni cha kuombea maji, lakini tulielewana.

Mwisho wa barabara kuna uwanja, kanisa na ngome. Waholanzi walipouvamia mji mwaka 1638 walikwama upande huu. Baadaye ngome ikawa gereza, na leo ni nyumba ya capoeira, mchezo wa kupigana kwa ngoma na nyimbo; mwalimu wake maarufu, Mestre João Pequeno, alifundisha humo tangu 1982. Sogea ukingoni jua likizama, ghuba nzima iko chini yako.

Usiondoke bila kula acarajé. Ni bajia za kunde kabisa, kunde zimemenywa na kusagwa, ila zinakaangwa kwa mawese, zinapasuliwa na kujazwa kamba na pilipili. Mtu wa Kigoma atajua harufu hiyo kabla hajaona kikaango. Ukiulizwa pilipili, sema kidogo.

Usiku usishuke kwa miguu ile miteremko ya kwenda mji wa chini, chukua teksi. Na kama safari inaweza kusogea, lenga Juni, tarehe 1 hadi 13: ndizo siku za sala za Mtakatifu Antoni, na sala ikiisha kanisani, watu wanahamia uwanjani.