Bismuthi badala ya risasi kwenye chubwi

Kaka, umeuliza kama bismuthi, metali nzito, inaweza kushika nafasi ya risasi kwenye chubwi (vizito) za mishipi ya sangara, maana hapo Kirumba, Mwanza, mnayeyushia risasi kwenye jiko la mkaa na watoto wako pembeni. Inaweza, na kiafya ni nafuu kubwa. Risasi huharibu ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo. Bismuthi ni jirani yake kwenye jedwali la elementi (risasi namba 82, yenyewe 83), lakini sumu yake ni ndogo sana, hadi baadhi ya michanganyiko yake ya kikemia ni dawa za tumbo.

Inayeyuka kwenye nyuzi 271 za Selsiasi, risasi 327, hivyo mkaa unatosha. Sentimita moja ya ujazo ina gramu 9.8, risasi 11.3. Chubwi itanenepa kidogo tu, sangara hatajali.

Tabu ni kwamba bismuthi haipindiki. Zile za kubana kwa koleo kwenye kamba ya wavu, sahau, zitapasuka vipande. Weka kitanzi cha waya ndani ya kalibu kabla ya kumimina. Halafu inapoganda hutanuka kama barafu, kwa hiyo usitumie kalibu iliyofungwa pande zote.

Bei sasa! Ni ghali kuliko risasi mara kadhaa. Kwa mishipi michache sawa, ila kwa wavu mzima mimi ningefunga mawe tu.