Mwenye "Mas que Nada" ni nani?

SWALI: Shikamoo mzee. Vijana wenzangu wanaujua wimbo wa "Mas que Nada" kwa Black Eyed Peas na Sérgio Mendes. Baba yangu anashikilia kwamba mwenyewe ni Jorge Ben. Nani mkweli? Na huyo Jorge ni mtu wa samba au wa roki? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Baba yako ni mkweli. Jorge Ben ni mtoto wa Rio de Janeiro, na alianzia kwenye vilabu vidogo vya Beco das Garrafas, kule Copacabana. Wimbo huo aliutunga mwenyewe, ukatoka mwaka 1963 katika albamu yake ya kwanza, *Samba Esquema Novo*. Sérgio Mendes aliurekodi 1966 ukazunguka dunia, kisha 2006 akaurudia na hao Black Eyed Peas. Inaniuma watu wanapoishia hapo, kwa sababu utamu wenyewe uko mbele.

Samba au roki? Swali lako lilimtesa hata yeye. Miaka ya sitini Brazil iligawanyika: huku televisheni ina kipindi cha mwimbaji Elis Regina, *O Fino da Bossa*, cha watu wa bossa nova, yaani samba ya upole; kule kuna *Jovem Guarda* cha mwimbaji wa roki Roberto Carlos na magitaa yake ya umeme. Jorge aliimba kote kuwili, na watu wa bossa wakamnunia. Waliomfungulia mlango ni wanamuziki wenzake, akina Gilberto Gil na Caetano Veloso, waliomwalika kwenye kipindi chao mwaka 1968.

Mimi nasema samba hakuiacha hata siku moja. Sikiliza mkono wake wa kulia. Wapiga gitaa wa bossa nova waligusa nyuzi kwa upole. Yeye anazikung'uta, gitaa linafanya kazi ya ngoma. Mdundo huo ukishasimama, juu yake unaweza kuweka soul, fanki au roki, na mchezaji wa samba bado atajua pa kuweka mguu. Ndiyo maana mwaka 1976, alipochukua gitaa la umeme na kurekodi *África Brasil*, hakupotea. Wimbo wa kwanza humo, "Ponta de Lança Africano (Umbabarauma)", unamsifu mshambuliaji wa soka wa Kiafrika, na kwangu hakuna fanki ya miaka ile inayoushinda.

Halafu kuna "Zumbi", kuhusu kiongozi wa Palmares, ngome ya watumwa waliotoroka. Humo Jorge anataja walikotoka watu waliouzwa: Angola, Congo, Benguela, Cabinda, na Quiloa. Wareno waliiita hivyo Kilwa yetu. Kila nikifika hapo narudisha nyuma nisikie tena.

SWALI: Ni kweli mwimbaji Rod Stewart alimwibia Jorge Ben? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Kiitikio cha wimbo wa Stewart wa 1978, "Da Ya Think I'm Sexy?", kinafanana mno na "Taj Mahal" ya Jorge. Shauri lilimalizwa kwa makubaliano, mapato yakaenda UNICEF. Baadaye Stewart mwenyewe alikiri kwamba muziki huo ulimwingia kichwani bila kujua.

Kwa nyote wawili: "Zumbi" ameirekodi mara mbili, 1974 katika *A Tábua de Esmeralda* kwa gitaa la kawaida, na 1976 kwa la umeme. Zisikilizeni kwa kufuatana, tena kwenye spika yenye besi, si kwenye simu.