Kabla ya Kumtukuza Mungu wa Kike, Uliza Nani Anashika Funguo za Sanduku

Katika vikundi vya wanawake mjini Bukavu, kuanzia wanafunzi wa vyuo hadi wamama wanaokutana baada ya misa ya Jumapili, kuna wazo linalorudi mara kwa mara: kwamba mwanamke hudharauliwa kwa sababu Mungu husemwa kwa sura ya baba, na tukirudisha miungu wa kike, heshima ya mama itarudi pamoja nao. Wazo hilo lina uzito. Binti anayekua akisikia kwamba utakatifu unafanana na mama yake hakui sawa na yule anayeambiwa kila juma kwamba dhambi ililetwa na mwanamke. Ila kikundi kikianzia hapo bila kuuliza mengine, kitamaliza mwaka kikishona vitenge vya sare na kutunga nyimbo, na mjane atafukuzwa shambani vilevile.

Ushauri wetu ni huu: msipime ibada kwa sura ya anayeabudiwa. Pimeni kazi anayopewa mwanamke aliye hai. Nani anafungua na kufunga mahali patakatifu? Nani anapokea sadaka na kutoa hesabu? Neno la mwanamke linaweza kutenguliwa na mwanamume, au likitamkwa limetamkwa? Akifa, cheo chake kinamwendea nani? Chukueni karatasi moja, andikeni maswali hayo manne, na jazeni majibu ya kila kanisa au mila mnayoijua kabla ya kubishana juu ya jambo lolote lingine.

Jaribuni kwanza kwa Athens ya kale. Mji mzima ulibeba jina la mungu wa kike Athena, na kuhani wake mkuu alikuwa mwanamke. Mwaka 508 K.K. kuhani huyo aliinuka kwenye kiti chake akamkataza mfalme Cleomenes wa Sparta asiingie hekaluni. Mwingine, Lysimache, anakumbukwa kwa kushika kazi hiyo miaka 64. Kwa hiyo majibu ya karatasi yanaanza vizuri. Lakini tokeni nje ya hekalu: mke wa kawaida wa mji huo hakuwa na kura, mahakamani alisemewa na mwanamume, na sheria haikumruhusu kufanya mapatano yanayozidi thamani ya medimnos moja ya shayiri, yaani kama lita 52. Mungu wa kike alikuwepo, na mwanamke mmoja alipanda cheo. Wengine walibaki uani.

Nepal inafundisha zaidi, maana mambo yake yapo hadi leo. Huko Kathmandu msichana wa ukoo wa Shakya huchaguliwa akiwa mdogo sana kuwa Kumari, mungu wa kike anayeishi kati ya watu. Wakuu wa nchi humwinamia na miguu yake haigusi ardhi. Siku anapopata hedhi ya kwanza, utukufu unakwisha, anarudi kwao na mwingine anatafutwa. Katika nchi hiyohiyo, wilaya za magharibi zina desturi ya chhaupadi: mwanamke aliye katika siku zake hulazwa kwenye kibanda nje ya nyumba, na wamekufa humo kwa baridi, kwa kuumwa na nyoka, na kwa moshi wa moto waliouwasha ili wapate joto. Mahakama Kuu iliikataza mwaka 2005 lakini desturi haikukoma. Sheria ya 2017 ikaweka kifungo cha miezi 3 au faini ya rupia 3,000. Kilichowahakikishia wanawake nafasi bungeni ni sheria, kama katiba ya 2015 iliyotaka angalau theluthi moja ya wabunge wawe wanawake. Kumari alikuwa anaabudiwa karne nyingi kabla ya hapo.

Kutokana na Nepal ongezeni swali la tano kwenye karatasi, na ni swali linaloumbua wengi: mwanamke huyo mtakatifu akipata hedhi, akiolewa, akizaa, anabaki na cheo? Kama utakatifu wake unadai awe bikira au mtoto, ibada hiyo inamtukuza mwanamke ambaye hajawa mwanamke. Msiende mbali kutafuta mifano. Yapo makanisa ya maombi hapa Kivu ambako mama anayeongoza sifa hukaa nyuma juma zima akiwa katika siku zake.

Mfano unaopita maswali yote ni Salvador, katika jimbo la Bahia, Brazil. Watu waliouzwa utumwani kutoka nchi za Wayoruba walifika huko na Yemoja na Oshun, miungu wa kike wa maji, na nyumba kadhaa za zamani za ibada za Candomblé, dini yao yenye asili ya Afrika, ziitwazo terreiro, zikawa mikononi mwa wanawake. Katika nyumba ya Gantois uongozi hupita kati ya wanawake wa ukoo mmoja. Mãe Menininha aliiongoza kuanzia 1922 hadi alipofariki 1986. Mama wa nyumba ndiye anayeamua nani aingizwe, lini, na kwa gharama gani. Jiko la sadaka liko kwa wanawake, ngoma ziko kwa wanaume, na wanaume wenye heshima mjini hupewa cheo cha kuilinda nyumba bila kuitawala. Hadi 1976 nyumba hizo zilihitaji kibali cha polisi, na wanawake hao walijua kubembeleza na kubishana na serikali. Mwaka 1984 terreiro ya Casa Branca iliwekwa kwenye urithi wa taifa, na ardhi yake ikapata ulinzi wa sheria. Zingatieni hilo la ardhi. Cheo kisicho na kiwanja huondolewa na mwenye kiwanja.

Ya kwetu, kabla ya kuagiza ya mbali

Kuna wanaosoma juu ya Isis na Inanna, miungu wa kike wa Misri na Mesopotamia ya kale, wakasahau kwamba Mwenga na Shabunda ni safari ya gari tu. Katika Bwami, chama cha mila cha Walega wa huko, mwanamume hafiki ngazi za juu peke yake: lazima awe na mke aliyeingizwa naye, na mke wa aliyefika kindi, ngazi ya juu kabisa ya wanaume, huitwa kanyamwa, ngazi ya juu kabisa ya wanawake. Ndoa ya kanyamwa haivunjwi ovyo, na heshima yake inamfanya ahesabiwe karibu sawa na wakubwa wanaume. Hakuna mungu wa kike hapo. Kuna ngazi, malipo, mafundisho na mashahidi. Udhaifu wake nao uonekane: ngazi ya mwanamke inafungwa kwenye ngazi ya mumewe, kwa hiyo mwanamke asiye na mume hana pa kuingilia.

Kwa Waluba wa Katanga, mfalme akifa roho yake ilimkalia mwanamke aitwaye mwadi. Alihamia kwenye makao ya marehemu, akatunza masalio yake na kuwa na baraza lake. Ndiyo sababu viti na vishikio vya pinde vya wafalme vimechongwa umbo la mwanamke. Hicho ni cheo chenye nyumba na watu, si picha ukutani.

Na kuna Nyabingi, roho ya kike iliyotawala mioyo ya watu kaskazini mwa Rwanda na Kigezi, mpakani na Rutshuru. Muhumusa, mwanamke aliyesema kwa jina lake, aliwapigania watu dhidi ya wakoloni; Waingereza walimkamata 1911 na kumweka Kampala hadi alipofariki 1945. Wakoloni waliigeuza ibada hiyo kuwa kosa la uchawi. Na vita vilipokua, mbele walionekana pia wanaume: Ndochibiri, aliyeuawa 1919, alikuwa mwanamume. Harakati inayoanzishwa na wanawake ikipata nguvu, wanaume huja kuipokea. Andikeni kwenye kanuni zenu tangu siku ya kwanza kwamba mwenyekiti, mweka hazina na msemaji ni wanawake, maana baadaye mtaona haya kusema.

Wa Lubumbashi wana funzo lao la tahadhari. Michoro ya mamba muntu iliyojaa sebuleni mwao miaka ya 1970 inaonyesha mwanamke wa majini mwenye nguvu kuliko mwanamume yeyote: anatoa utajiri, lakini kwa masharti yanayoua nyumba. Sura hiyo haikumpandisha mama wa sokoni. Ilitoa maneno ya kumsingizia: akifanikiwa, husemwa amefunga agano na mamba muntu. Nguvu ya kike inayosimuliwa kama siri ya usiku inawarudia wanawake wenyewe.

Namna ya kufanya

Mkikusanya mila kutoka kwa wazee, msiulize "Je, zamani tulikuwa na mungu wa kike?" Mzee akiona mnataka ndiyo, atawapa ndiyo. Ulizeni mambo yanayoshikika: mwanamke wa mwisho aliyeshika kazi hiyo alikaa wapi, alilipwa nini, nani alimpa, nani alimrithi, shamba lake liko kwa nani leo. Wawepo wawili wa kusikiliza, mmoja aandike kwa lugha ya mzee mwenyewe, mashi, kilega au kihavu, na tafsiri ije baadaye. Ulizeni wanawake wazee mbali na waume zao. Hadithi hubadilika mume akikaa karibu.

Fanyeni mikutano mchana, mahali panapojulikana, na mtoe taarifa kwa nyumbakumi na shefu wa avenyu. Msikutane kando ya ziwa usiku, msigawe dawa, msipokee malipo ya kutabiria mtu. Hapa mwanamke mzee akisingiziwa uchawi anaweza kupoteza uhai kabla polisi hawajafika, na wa kwanza kusingiziwa atakuwa bibi mliyemhoji. Mkitaka karatasi za serikali, jiandikisheni kama shirika la utamaduni lisilo la faida chini ya sheria namba 004/2001. Shirika la dini linaguswa na sheria hiyohiyo, lakini masharti yake ni mazito zaidi, na jina la dini mpya litawaletea maadui kabla hamjafanya lolote.

Sanduku ndilo lenye kazi kubwa. Kikundi kisicho na fedha zake kitakuwa kwaya ya mtu mwingine. Tumieni mtindo wa AVEC, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, ambao wamama wengi wa Kivu wanaujua: watu 15 hadi 25, kila mkutano mtu ananunua hisa kati ya 1 na 5, sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa wanawake watatu wasioishi nyumba moja wala wasio ndugu. Mkopo usizidi mara tatu ya akiba ya anayekopa. Mzunguko uishe ndani ya miezi 12, mgawane, muanze upya. Hapa makosa ni yaleyale kila mara: funguo mbili kukaa kwa dada wawili, mchungaji kuomba "kuazima kidogo" kwa jina la Mungu, na mfuko wa kusaidiana kuchanganywa na wa mikopo. Hesabu isomwe kwa sauti kila mkutano, mbele ya wasiojua kusoma pia, ili wakariri tarakimu kama wanavyokariri nyimbo.

Kisha nendeni kwenye ardhi, ambako cheo cha mwanamke wa Bushi, nchi ya Washi, kinakwama. Kalinzi, haki ya kudumu inayolipiwa kwa mwami, kwa desturi ilipita kwa wanaume. Mwanamke mara nyingi alibaki na bwasa: shamba la msimu la maharagwe, lisiloruhusu kupanda migomba. Lakini Sheria ya Jamaa ya 1987 inawaweka watoto, wa kiume na wa kike bila tofauti, katika daraja la kwanza la urithi, na inawapa robo tatu ya mali. Mjane yuko daraja la pili pamoja na wazazi na ndugu za marehemu. Marekebisho ya 15 Julai 2016 yaliondoa ulazima wa mke kupata ruhusa ya mume kabla ya kufanya tendo la kisheria. Sasa inatakiwa wapatane. Mume bado anaitwa kichwa cha nyumba, na tusifiche hilo. Mkutano mmoja kati ya minne uwe wa sheria hizo, kwa kiswahili cha mtaani, na kila mama aje na swali la shamba lake mwenyewe.

Kwa walio Wakatoliki kuna njia fupi kuliko zote. Maria si mungu, na mtu akimwita hivyo katika parokia atakemewa, kwa haki. Wengi wa Kivu huenda Kibeho, Rwanda, ambako wasichana watatu wa shule walisema wamemwona kuanzia 1981 na Kanisa likawakubali mwaka 2001. Heshima yote hiyo haikufungua madaraka parokiani. Kilichofungua mlango kidogo ni karatasi mbili za Papa Fransisko za 2021: ya Januari iliruhusu wanawake wasimikwe rasmi kuwa wasomaji na watumishi wa altare, na ya Mei ilianzisha utumishi rasmi wa katekista kwa wanawake na wanaume. Wamama wengi wanaifanya kazi hiyo miaka mingi bila kusimikwa. Andikeni barua kwa padri paroko, mtaje nyaraka hizo mbili na majina ya wamama mnaowapendekeza, na nakala moja ipelekwe kwa askofu.

Mzunguko wa AVEC ukiisha, rudieni karatasi ya maswali matano, safari hii mkijaza safu ya kikundi chenu. Ongezeni safu moja ya mwisho: wanawake wangapi wana jina lao kwenye hati ya shamba au kiwanja. Kama idadi haijasogea, punguzeni saa za nyimbo katika mzunguko unaofuata na mwongeze saa za sheria.